Siku Niliyomsemesha Baba Mkwe

Miaka yote niliyoishi kwenye mji wa wakwe zangu, milimani Ileje upande wa Ibaba, baba mkwe wangu nilimjua kwa kikohozi. Akitoka zizini anakohoa, akielekea chooni anakohoa, akirudi anakohoa tena, na kila akikohoa mimi natafuta pa kujificha. Nyuma ya jiko, nyuma ya migomba, popote. Siku moja alinikuta uwanjani hakuna hata kichaka, nikajitupa kwenye shimo la takataka na beseni la vyombo kichwani. Vyombo vilivunjika, heshima ikabaki.

Ndiyo ilivyokuwa. Mke wa mwana haonani na baba mkwe. Hamtazami usoni, hasemi naye, hataji jina lake, hapiti njia anayopita yeye. Koo nyingi zilikuwa zimeanza kuilegeza desturi hiyo, hasa waliokwenda mijini na watu wa kanisani, lakini ukoo nilioolewa mimi uliishika kwa mikono miwili. Nikiwa na neno la kumfikia mzee, nilimwambia mama mkwe, naye akampelekea. Mzee akiwa na neno langu, vivyo hivyo.

Mimi kwetu ni Iyula, Mbozi. Kwetu mkwe unampigia magoti, unamsalimu kwa adabu zote, halafu mnaongea. Na mimi kuongea ndiyo kazi niliyozaliwa nayo. Siku ya kuniaga, mama yangu alinitazama akacheka mpaka akajishika mbavu, akasema, wewe na mdomo wako huo, utaweza? Nikamwambia nitaweza. Nilikuwa nimependa, ulitaka nijibu nini?

Huyo niliyempenda alikuwa Tunduma. Biashara ilikuwa imefunguliwa, kila kijana mwenye miguu anakimbilia mpakani, naye alikuwa akivusha sukari, mafuta ya kula na mablanketi kutoka upande wa Zambia. Alipanga chumba kimoja, maji ya kununua, mtaro wa maji machafu unapita mlangoni. Akasema si mahali pa kulea mtoto, nibaki nyumbani kwao kwenye hewa safi. Hewa ilikuwa safi kweli. Tatizo halikuwa hewa.

Mtoto wetu wa kwanza, wa kiume, tulimzika pale pale kabla hajatimiza miaka miwili. Alihara wakati wa mvua, akahara tena, na nilipomfikisha zahanati mgongoni alikuwa mwepesi mno. Muuguzi wa pale hakunigombeza. Alinikalisha, akanieleza polepole habari ya maji, habari ya choo, habari ya mikono, akanifundisha pia kuchanganya maji ya sukari na chumvi kwa mtu anayehara, asikauke akafa. Nilimsikiliza mpaka mwisho. Kisha nikarudi nyumbani na mtoto wangu kwenye kitenge, maana mafunzo yalikuwa yamechelewa.

Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, wanasema. Lakini siku ya mazishi nilimsikia mzee akilia nyuma ya nyumba, analia kwa sauti bila kujali nani anamsikia. Alikuwa akila na yule mtoto sahani moja tangu alipoanza kukaa. Alimkatia tonge, akamminyia kiazi, akamtafunia nyama na kumtilia kinywani kwa vidole vyake. Sikusema kwamba ni vile vidole. Sikumwambia mtu yeyote. Lakini nilifikiri, na nikishafikiri jambo mimi haliondoki.

Alipozaliwa binti yangu, nikawa kichaa wa maji. Sikatai, waliosema hivyo walisema kweli. Nilichukua dumu tupu la mafuta ya kula, nikalitoboa, nikalitundika kwenye mti kwa kamba, na kamba nyingine nikaifunga kwenye kijiti cha kukanyaga kwa mguu. Ukikanyaga, dumu linainama, maji yanachirizika, unanawa bila kugusa kitu. Kibuyu chirizi, watu wa afya walikiita hivyo. Pembeni nikaweka sabuni ya kipande, na sabuni ikiisha naweka majivu.

Binti yangu alijua kukikanyaga kabla hajajua kusema sentensi nzima. Watoto wa jirani wakaja kuchezea, mama zao wako mashamba ya mbali, nikaona basi, kwa kuwa wameshakuja wafundishwe. Nikaomba baraza la kanisa, nikatundika kibuyu chirizi kingine kwenye mti wa pale, nikawa nao kila asubuhi. Nilikuwa na watu wazima wangu wa miaka mitatu, minne, mitano, kamasi mpaka kidevuni. Tukikata kucha, tukitoa funza, tukiimba wimbo wa kufunika choo nilioutunga mwenyewe, mbaya kabisa, na waliupenda. Wanawake wakipita na mizigo ya kuni wananitania, hao wanaonawa asubuhi mpaka jioni wanakwenda wapi, Ikulu? Nawajibu ndiyo, na nyie hamtaalikwa.

Shida ilikuwa beseni. Kule chakula kikija, linakuja beseni moja la maji, linazunguka. Ananawa mkubwa, ananawa anayemfuata, na mtoto ananawa mwisho, kwenye maji ambayo kila mtu ameshaacha yake humo. Utamwelezaje mtoto wa miaka minne kwamba maji yale yana kitu, na hicho kitu hakionekani? Nilifikiri sana. Mwisho nikachukua pilipili kichaa, nikajipaka mikono yote miwili mbele yao, nikanawa kwenye beseni, nikawaambia haya, kila mmoja achovye kidole alambe. Yesu wangu! Baraza zima lilikuwa kilio. Mama mmoja alikuja kunigombeza mpaka mapovu. Lakini hakuna mtoto wa darasa lile aliyesahau kwamba maji ya beseni yanabeba cha mwenzako.

Kosa langu, kama mnataka kuliita kosa, ni kwamba watoto huwa hawafundishiki nusu nusu.

Binti yangu alikuwa anakula na babu yake kila jioni, kama alivyokula kaka yake. Wanakaa uwanjani kwenye mkeka, mimi niko jikoni. Jiko letu lilikuwa la mianzi iliyokandikwa udongo, na udongo ulikuwa umebanduka hapa na pale, kwa hiyo kupitia mwanya niliona mkeka, sahani na mikono ya mzee. Uso sikuutafuta. Jioni moja mzee ametoka kusafisha banda la nguruwe, beseni likaja, akanawa, akalisukuma kwa mtoto. Mtoto akaweka mikono nyuma.

"Babu," akasema, "hayo maji yana pilipili."

Mzee akacheka. Akauliza pilipili imeingiaje humo. Mtoto akamweleza vizuri tu, kama nilivyomfundisha: iko mikononi mwa babu, haionekani, inaua. Mzee akauliza amesema nani. Na mtoto, ambaye nilimfundisha kujibu anapoulizwa, akajibu, "Mama amesema."

Niliona mikono ya mzee imeacha kukung'uta maji. Akainuka, akaacha chakula. Mimi huko jikoni nilijua nimekwisha.

Maana kwao jambo hilo halikuwa la mikono wala maji. Mke wa mwana amesema na mkwewe. Kwamba alitumia kinywa cha mtoto, hiyo ilikuwa kubwa zaidi, kumfanya mtoto barua. Kesho yake akaja baba mdogo wa mume wangu, mdogo wake mzee, mtu aliyeijua sheria ya ukoo kuliko wenye ukoo. Wakakaa wanaume uwanjani, mimi nikakaa jikoni, na mama mkwe akawa anatembea kati yetu na maneno, maskini, anatoka na swali anaingia na jibu, kitenge kinamponyoka kila mara. Niliulizwa kama ni kweli. Nikasema ni kweli, na nikamwomba aongeze kwamba maji machafu yanaua watoto na mimi nimezika mmoja. Mama mkwe akanitazama, akatoka. Najua hakuyafikisha hayo ya mwisho, na nadhani alifanya vyema.

Hukumu ikaja. Nitoe kuku nisafishe kosa. Na nikimsemesha tena mzee, kwa kinywa changu au cha mtu, nirudi kwetu Iyula, na mtoto abaki. Mtoto ni wa ukoo.

Nilimwuliza mama mkwe mara mbili kama nimesikia sawa. Akasema nimesikia sawa. Akakaa karibu yangu pale kwenye kigoda, akanishika goti, akasema, "Mwanangu, mdomo huponza kichwa. Nyamaza umlee mwanao."

Mume wangu alipokuja mwisho wa mwezi nilimweleza yote. Akakuna kichwa. Akasema vumilia, wazee ndivyo walivyo, akinyanyuka kibiashara atatuchukua. Nilikuwa na mwiko mkononi, na nilitamani sana kuutumia. Badala yake nikapakua.

Basi nikanyamaza. Nilimwita binti yangu, nikamwambia asimwambie tena babu habari za maji. Akaniuliza kwa nini. Nikasema babu ni mkubwa. Akafikiri, akauliza, kwani mikono ya wakubwa haina pilipili? Nikamwambia ya babu haina. Akaridhika, akaenda kucheza. Jioni ile wakala sahani moja, wakanawa beseni moja, na ikawa hivyo siku zote. Darasani nafundisha, nyumbani nafunga mdomo. Usiombe kuishi hivyo.

Halafu kipindupindu kikaingia bondeni, kando ya Mto Songwe. Bwana afya alipanda na pikipiki yake mpaka kanisani, akatangaza: mikusanyiko hakuna, misiba wazike wachache bila kula, maji yachemshwe. Alipoona kibuyu chirizi changu kwenye mti wa kanisa alinisifu mbele za watu. Nilifurahi, nitasema uongo? Nilifurahi kama kwa dakika moja hivi, kisha nikasikia kwamba huko bondeni amefariki rafiki yake mzee, yule waliyefanya naye kazi migodini Zambia ujanani. Nikajua atakwenda.

Alikwenda. Mama mkwe alimsihi, akamjibu kwamba mtu aliyelala naye chumba kimoja ugenini hawezi kumwacha azikwe na wageni. Akashuka na fimbo yake. Akarudi amechoka, wakati mimi niko kisimani, na niliporudi nilisikia kikohozi chake nyumba kubwa. Nikamwuliza mama mkwe kama huko walikula. Akasema hakumwuliza. Nikamwomba amwambie mzee anawe kwa kibuyu chirizi na asile na mtoto kwa siku chache. Mama mkwe akafunika uso kwa kiganja. Akasema, unataka nimwambie mume wangu nani amesema hayo?

Asubuhi iliyofuata kulikuwa na ukungu, ule wa kule milimani unaokaa mpaka jua liwe juu. Mama mkwe alishika njia ya shamba la maharage mlima wa pili. Nikabaki jikoni nachemsha viazi, binti yangu anacheza uwanjani na gunzi lake alilolifunga kitambaa likawa mtoto. Nikasikia kikohozi kikielekea chooni. Kikarudi. Nikachochea kuni zangu, sijali. Kikaenda tena. Kikarudi. Kilipokwenda tena hata kukohoa hakukohoa vizuri, na hatua zilikuwa za kukimbia, na yule mzee alikuwa hakimbii.

Nikaacha kazi nikaenda kwenye mwanya wa ukuta.

Alirudi akiburuta fimbo. Hakupita kwenye dumu la maji. Alikaa kwenye gogo chini ya ukingo wa paa, mikono juu ya magoti, na mikono ile niliiona imelowa, na sikuhitaji kuambiwa imelowa nini. Pembeni yake kulikuwa na bakuli la viazi nilivyokuwa nimempelekea mtoto. Mtoto alikuwa ameacha gunzi lake, amemsogelea babu yake, anamsimulia kitu. Mzee akachukua kiazi. Akaanza kukimenya.

Nikakohoa. Mwanamke akikohoa jikoni maana yake yupo, mwanamume ajue. Mzee naye akakohoa, kunijibu kwamba amejua, akaendelea kumenya. Nikachukua sufuria nikaligonga na mwiko. Nikaligonga tena kwa nguvu. Mtoto akageuka kutazama jikoni, kisha akatazama mikono ya babu yake. Niliona anafikiri. Nilimwomba Mungu mtoto aseme, aseme tu yale ya pilipili, kosa liwe langu. Lakini mimi mwenyewe ndiye niliyemwambia mikono ya babu haina. Akageuka, akaegemea goti la mzee, akafungua kinywa.

Kuna watu wananiuliza mpaka leo kama sikuogopa. Niliogopa sana. Niliwaona wote kwa mara moja, yule wa kwenye kitenge na huyu, na niliiona pia njia ya Iyula, ninaishuka peke yangu na sanduku. Nikasema liwalo na liwe. Afadhali mtoto anayeishi kwa watu kuliko anayelala kwangu kaburini.

Nikatoka.

Nilitoka na kichwa wazi, kitenge kilibaki jikoni. Nilikwenda mpaka mbele yake, nikasimama, nikamtazama usoni.

"Baba," nikasema, "usimlishe. Mikono yako ina ugonjwa."

Kiazi kilimponyoka, kikabingirika, kuku akakiwahi. Mtoto nilimnyakua kwa mkono mmoja akaanza kulia. Mzee alinitazama. Nilitegemea hasira, nilikuwa nimejiandaa kwa hasira, na hasira ningeijibu. Lakini sura niliyoiona haikuwa na nguvu ya hasira. Macho yalikuwa yameingia ndani, midomo imekauka na kupasuka. Alikuwa mzee mdogo tu wa umbo, amefanana na mume wangu kiasi cha kuumiza. Akajaribu kugeuza uso pembeni, kama inavyotakiwa, akageuza na mwili wote, akaanguka kutoka kwenye gogo.

Nikamtua mtoto kwenye kibuyu chirizi, nikamnawisha mikono mpaka viwiko, nikamwambia asimame pale pale asisogee, hata iweje. Nikapanda kwenye kichuguu nyuma ya jiko nikaita watu. Kule milima inapokezana sauti, ukiita huku anaitika wa kule, naye anapeleka mbele. Nikasikia wamenipokea. Nikarudi jikoni, maji yaliyochemshwa nilikuwa nayo, nikachanganya sukari na chumvi kama yule muuguzi alivyonifundisha. Kwa haraka yangu sukari nyingine ikamwagika kwenye majivu.

Mzee alikuwa amejivuta mpaka ukutani, amelaza paji la uso kwenye udongo, amenipa mgongo. Nikampigia magoti, nikampelekea kikombe. Hakugeuka. Nikamwambia baba, kunywa, unakauka. Kimya. Nikamwambia nimeshakosa, kosa halitapungua ukifa. Kimya. Mtu anakufa mbele yangu kwa adabu, na nilikaribia kumpiga, nasema ukweli. Machozi yalikuwa yananitoka ya hasira.

Ndipo aliposema. Alisema akiwa amegeukia ukuta, kwa sauti ya kukwaruza, na hakusema na mimi.

"Mjukuu wangu, upo?"

Mtoto pale kwenye dumu akaitika kwamba yupo.

"Mwambie mama yako aweke kikombe chini. Nitakichukua."

Na yule mtoto, ingawa mimi nilikuwa nimepiga magoti katikati yao, akanipazia sauti, "Mama, babu anasema weka kikombe chini." Nikakiweka. Nikarudi nyuma, nikageuka. Nikasikia anakunywa.

Tukaenda hivyo asubuhi yote ile. Alitapika, nikachanganya mengine. Mwambie mama yako yametosha. Mwambie babu hayajatosha, anywe. Mwambie mama yako anawe, amenishika. Nilikuwa nimemshika, ndiyo, kwa sababu mara ya pili hakuweza kuinua kichwa, na nilikikalisha kichwa chake kwenye paja langu nikamnywesha kwa kijiko, yeye amefumba macho asinione, mimi nimetazama juu nisimwone, nusu ya maji yanaingia shingoni. Hivyo ndivyo walivyotukuta vijana wa mlima wa pili walipofika na machela ya mianzi, na nyuma yao wanawake, na nyuma ya wanawake mama mkwe na matope mpaka magotini. Watu wote waliona. Wakambeba wakashuka naye zahanati.

Siku alizolazwa nilizihesabu kwa kumtazama binti yangu tumbo. Kila akishika tumbo naruka. Alikuwa anashika kwa sababu ana njaa. Hakuhara. Mimi sikuhara. Nilimwaga chokaa chooni, nilichemsha kila kitu kinachochemka, na nilifungasha nguo zangu kwenye sanduku, maana nilijua mzee akipona litafuata lile jingine. Nilimfundisha mtoto kujifunga viatu mwenyewe. Nilimfundisha kujisafisha mwenyewe chooni, kuchana nywele zake, kukataa maji yasiyochemshwa hata akipewa na nani. Mama mkwe alinitazama ninavyofanya haraka, akaelewa, akaenda kulia shambani.

Mzee akapona. Alirudishwa amekonda, anatembelea fimbo mbili. Na baba mdogo akaja siku ile ile, na wanaume wa ukoo, na safari hii mume wangu naye aliitwa kutoka Tunduma. Wakakaa uwanjani. Mimi jikoni, kwenye mwanya, na mtoto nikamkumbatia kwa nguvu mpaka akalalamika.

Baba mdogo alieleza vizuri. Alisema mke wa mwana ametoka kichwa wazi, amemwita mkwewe, amemgombeza, amemshika kwa mikono, na watu wameona. Neno la ukoo lilikwisha kutolewa. Mume wangu akajaribu kusema kwamba bila hivyo tungekuwa tunazungumza matanga. Akaambiwa angoje zamu yake. Akangoja, na nilimchukia kwa kungoja, na nilimhurumia. Kisha baba mdogo akamgeukia kaka yake, akamwuliza mbele ya wote: mke wa mwanao alikusemesha au hakukusemesha?

Mzee akazilaza fimbo zake magotini. Nilimjua mtu huyu kwa uaminifu wake. Alikuwa shahidi wa mipaka ya mashamba ya watu, kijiji kizima kilikuwa kikimwita panapotokea ugomvi, kwa sababu hajawahi kupindisha neno. Nikajua nimeshindwa.

"Mke wa mwanangu hajanisemesha," akasema. "Niliyemsikia ni mjukuu wangu."

Baba mdogo akasema, kaka, watu walikukuta kwenye paja lake. Mzee akasema alikuwa amefumba macho, hajui paja la nani. Baba mdogo akasema basi aulizwe mtoto, mtoto hasemi uongo. Watu wakageuka kutazama jikoni, na mimi nikamsogeza mtoto nyuma yangu, kwa sababu ni kweli, hasemi uongo, nilimfundisha mimi.

Mzee akapiga fimbo chini. Akasema aliyesemeshwa ni yeye, au hakusemeshwa ni yeye, na ameshajibu. Kama yupo mtu pale anayetaka kusema kwamba yeye ni mwongo, asimame aseme. Hakusimama mtu. Baba mdogo alitazama chini, akatafuta kofia yake. Mzee akaagiza chakula kiletwe.

Mama mkwe aliingia jikoni kuchukua ugali, akanishika mabega. Mimi nilikuwa nimekaa sakafuni. Nilitaka kutoka nimwangukie miguuni, na hicho ndicho kitu kimoja nisichoweza, maana nikitoka nimemfanya mwongo mbele ya ukoo wake. Binti yangu alikuwa amesikia kila neno. Akanisogelea mpaka sikioni.

"Mama," akanong'ona, "babu amesema uongo."

Nikamwambia ndiyo, mwanangu, amesema uongo. Nikampangusa machozi yangu mimi yaliyomdondokea usoni, nikamnawisha, nikamwambia aende akale naye.